Mionzi Inayofuata Pumzi: Upasuaji wa Roboti na Mgonjwa wa Eastlands

Upasuaji wa mionzi kwa roboti ni tiba ambamo miale mingi myembamba ya eksirei yenye nguvu kubwa huelekezwa kwenye uvimbe kutoka pande nyingi za mwili, ikiongozwa na mkono wa roboti unaofuatilia mahali uvimbe ulipo muda wote wa matibabu, ili kipimo cha mionzi kinachotosha kuua seli za uvimbe kitolewe kwa siku chache bila ngozi kupasuliwa na bila mgonjwa kutiwa dawa ya usingizi. Nchini Kenya tiba hii ilianza kupatikana mwaka 2023, wakati Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoko upande wa Kahawa kando ya barabara ya Northern Bypass, ilipozindua mtambo wa CyberKnife, wa kwanza katika Afrika Mashariki. Kwa wakazi wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, hospitali hiyo haiko mbali sana, na kwa sababu hiyo maswali ya mtambo huu unafanya nini, unamfaa nani na haumfai nani yameacha kuwa maswali ya wagonjwa wanaosafirishwa hadi India, yakawa maswali yanayojadiliwa sebuleni kila mara familia inapopokea majibu ya maabara.

Fikra ya kutumia mionzi badala ya kisu ni ya zamani kuliko roboti. Mwaka 1951 Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Sweden, alipendekeza kwamba miale mingi dhaifu ikikutanishwa katika nukta moja ndani ya fuvu ingeweza kuharibu sehemu ndogo ya ubongo iliyokusudiwa bila kulifungua fuvu lenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na mwanafizikia Börje Larsson walikuwa tayari wamepata mtambo wa kutekeleza jambo hilo kwa kutumia madini ya kobalti yanayotoa miale ya gama. Mtambo huo uliwasaidia wengi, lakini ulikuwa na mpaka usiovukika kirahisi: kichwa cha mgonjwa kilipaswa kufungwa katika fremu ya chuma iliyoshikizwa kwenye fuvu kwa skrubu, kwa kuwa fremu ndiyo iliyokuwa kipimo cha mahali, na hakuna fremu ya namna hiyo inayoweza kufungwa kwenye ini, kwenye pafu au kwenye tezi dume. Daktari John Adler wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ambaye aliwahi kusoma kwa Leksell mjini Stockholm, aliuvuka mpaka huo kwa kuitupa fremu na kuweka mahali pake picha za eksirei zinazopigwa mara kwa mara wakati wa tiba. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mtambo wake wa CyberKnife huko Stanford mwaka 1994, na mwaka 2001 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliruhusu mtambo utumike kutibu uvimbe mahali popote mwilini ambapo tiba ya mionzi inahitajika.

Mtambo wenyewe una sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni chombo cha kuongeza kasi ya elektroni, ambacho huzisukuma chembe hizo ndogo za umeme hadi zigonge kipande cha metali nzito na kutoa eksirei yenye nguvu ya volti milioni 6, ilhali eksirei ya kawaida ya kupiga picha ya kifua hutumia volti zisizozidi laki moja na nusu hivi. Ya pili ni mkono wa roboti wenye viungo sita, wa aina inayotumika viwandani kuunganisha magari na unaotengenezwa na kampuni ya KUKA ya Ujerumani, ambao hukibeba chombo hicho chenye uzito wa zaidi ya kilo 100 na kukizungusha karibu na kitanda, ukisimama mahali pamoja baada ya pengine, ukifyatua mwale mmoja kwa pembe moja kisha mwingine kwa pembe nyingine, hata idadi ya miale katika kipindi kimoja ikafikia makumi au mamia. Kila mwale peke yake ni dhaifu na hupita katika ngozi, misuli na viungo vizima bila kuacha madhara makubwa, lakini pale inapokutana yote ndipo kipimo kinapokuwa kikali. Mkazi wa Eastlands anaweza kuliona jambo hili usiku katika taa zile ndefu za mtaani zinazoitwa mulika mwizi, kwa kuwa mahali ambapo mwanga wa milingoti kadhaa unaangukiana huwa peupe kuliko pengine pote, ingawa hakuna mlingoti hata mmoja unaotoa mwanga wote huo peke yake.

Hata hivyo kukutanisha miale si jambo gumu kuliko yote. Ugumu halisi uko katika ukweli kwamba mwili haukai kimya. Mtu anapovuta pumzi, uvimbe ulio sehemu ya chini ya pafu huweza kusogea sentimita moja, mbili au zaidi, ini hushuka na kupanda pamoja na kiwambo cha kifua, na tezi dume husogezwa na mkojo unaojaa katika kibofu au hewa inayopita katika utumbo mpana. Tiba ya mionzi ya kawaida hukabiliana na mwendo huo kwa kupanua eneo linalopigwa, ili uvimbe usitoke nje ya mionzi hata ukisogea, na gharama ya upana huo hulipwa na nyama nzima iliyo jirani. Roboti hufuata njia tofauti. Siku kadhaa kabla ya tiba, daktari hupenyeza kwa sindano punje ndogo za dhahabu ndani ya uvimbe au kandokando yake, kila moja ikiwa ndogo kuliko punje ya mchele, kwa sababu dhahabu huonekana wazi katika eksirei ambapo uvimbe wenyewe hauonekani. Wakati wa tiba, mashine mbili za picha zilizofungwa darini humpiga mgonjwa picha kwa mshazari na kuonyesha punje hizo ziko wapi, huku kamera ikifuatilia taa ndogo zilizobandikwa kwenye fulana ya mgonjwa zinazopanda na kushuka na kifua chake; programu ya kompyuta huunganisha habari hizo mbili, hujifunza mwendo wa pumzi za mtu huyo mmoja na kuuelekeza mkono wa roboti usogee sambamba naye, mwale ukiendelea kufyatuliwa bila mgonjwa kulazimika kuzuia pumzi. Kwa uvimbe wa ubongo punje hazihitajiki, kwa kuwa mifupa ya fuvu yenyewe hutosha kuwa alama, na badala ya fremu ya skrubu mgonjwa huvalishwa barakoa ya plastiki laini iliyofinyangwa kwa umbo la uso wake. Usahihi unaopatikana ni wa kiwango cha milimita moja au chini yake.

Usahihi huo haukutafutwa kwa ajili ya sifa. Kipimo cha mionzi hupimwa kwa kizio kiitwacho grei, na kwa karibu karne nzima desturi ya tiba ya mionzi imekuwa kutoa grei 2 hivi kwa siku, siku tano kwa juma, kwa majuma mengi. Sababu ya kugawa hivyo ni ya kibiolojia, kwani mionzi hukata nyuzi za DNA zilizo ndani ya seli, na seli nzima hupata nafasi kubwa zaidi ya kujirekebisha kati ya kipindi kimoja na kingine kuliko seli za saratani. Ukitoa kipimo kikubwa kwa mkupuo mmoja, nafasi hiyo ya kujirekebisha hupungua kwa seli zote bila ubaguzi, na kwa hiyo kinga pekee inayobaki kwa uti wa mgongo, utumbo au neva ya jicho ni kutoguswa na kipimo hicho kikubwa kamwe. Kwa maneno mengine, tiba ya kawaida humlinda mgonjwa kwa kutumia muda, nayo tiba ya roboti humlinda kwa kutumia umbali, na umbali huo huweza kuwa milimita chache tu. Ndiyo maana upasuaji wa mionzi hukamilika kwa kipindi kimoja hadi vitano, kila kimoja kikichukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu.

Ushahidi wa kwamba ufupi huo haupunguzi nguvu ya tiba umekusanywa kwa uangalifu. Katika saratani ya mapafu iliyogunduliwa mapema kwa wagonjwa wasioweza kustahimili upasuaji, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vipindi vitatu tu vya kipimo kikubwa viliudhibiti uvimbe uliolengwa kwa zaidi ya wagonjwa 97 katika kila 100 baada ya miaka mitatu. Katika saratani ya tezi dume isiyotoka nje ya tezi, utafiti uitwao PACE-B, uliowahusisha wanaume 874 na kuchapishwa mwaka 2024, ulilinganisha vipindi vitano na vipindi 20 au 39, na baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa haujarudi kwa asilimia 95.8 ya waliopata vipindi vitano na asilimia 94.6 ya waliopata vipindi vingi, ingawa usumbufu wa mkojo ulikuwa zaidi kwa kundi la vipindi vitano. Utafiti huo haukutumia roboti peke yake. Baadhi ya wagonjwa walitibiwa kwa mitambo mingine ya kisasa ya mionzi yenye uwezo wa kupiga picha na kulenga vizuri. Haki inadai jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa kwamba atapata vipindi vitano katika mtambo usio wa roboti hajapewa tiba ya daraja la pili.

Kwa mtu wa Kayole au Dandora, tofauti kati ya vipindi 39 na vipindi vitano ina uzito ambao majarida ya kitabibu ya Ulaya hayaupimi. Safari ya kutoka Kayole hadi hospitali hiyo humlazimu mgonjwa asiye na gari kupanda matatu hadi barabara ya Outer Ring, kufika Allsops, kushika barabara ya Thika na kushuka tena kutafuta gari la mwisho, kisha kurudi njia hiyo hiyo jioni pamoja na msongamano wake, akiwa amechoka kwa mionzi na mara nyingi akisindikizwa na ndugu ambaye siku hiyo hakufungua kibanda chake wala kwenda mjengoni. Majuma manane ya safari za namna hiyo huweza kumaliza akiba ya nyumba hata kama tiba yenyewe imelipiwa na bima, na wahudumu wa afya wanajua vizuri kwamba wagonjwa wanaokatiza tiba ya mionzi katikati mara nyingi hukatizwa na nauli. Katika hesabu ya Eastlands, basi, manufaa makubwa ya upasuaji wa mionzi si milimita zake tu bali ni siku zake chache, nayo ni hoja inayostahili kuingia katika uamuzi wa daktari anapochagua kati ya njia mbili zinazoponya sawasawa.

Lakini siku hizo chache hazipatikani kwa kila saratani, na hapa ndipo matumaini mengi hupotea njia. Roboti hulenga uvimbe wenye mipaka inayoonekana, ulio mdogo, kwa kawaida usiozidi sentimita tano hivi, na uliokaa mahali pamoja au mahali pachache. Upasuaji huu unafaa katika uvimbe wa ubongo, ukiwemo ule usio wa saratani unaoota kwenye utando wa ubongo au kwenye neva ya kusikia. Katika saratani changa ya mapafu. Katika tezi dume. Katika baadhi ya uvimbe wa ini, figo, kongosho na pingili za uti wa mgongo. Na katika hali ambapo saratani iliyoanzia kwingine imepeleka vijiuvimbe vichache tu ubongoni au mifupani. Hutumika pia kwa magonjwa yasiyo uvimbe kabisa, kama mafundo ya mishipa ya damu ndani ya ubongo na maumivu makali ya neva ya uso. Haufai kwa saratani ya damu, kwa kuwa hiyo haina mahali pa kulenga, wala kwa saratani iliyotapakaa mwili mzima, ambayo huhitaji dawa zinazosafiri na damu.

Kisha zipo saratani mbili zinazowapata Wakenya wengi mno, ambazo roboti si jibu lake la kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi husambaa taratibu katika tishu na tezi za limfu za nyonga ambazo hazionyeshi uvimbe wowote katika picha, na kwa hiyo mara nyingi huhitaji mionzi ya kawaida inayofunika nyonga nzima pamoja na dawa za kemotherapi, ikifuatwa na brakitherapi, yaani tiba ambayo chanzo cha mionzi huingizwa ndani ya uke na mlango wa kizazi kwa muda mfupi ili kipimo kikubwa kitolewe kutoka ndani. Saratani ya umio nayo huota katika mrija wenye ukuta mwembamba na huenea kwa kufuata urefu wa ukuta huo, kiasi kwamba kipimo kikubwa cha mkupuo mmoja kinaweza kuutoboa mrija wenyewe. Familia inayochanga pesa katika kundi la WhatsApp, ikaitisha harambee na kuuza ploti ili mama yao mwenye saratani ya mlango wa kizazi apelekwe kwenye mashine mpya, hali brakitherapi ndiyo aliyoihitaji, inapoteza fedha na, jambo lililo baya zaidi, inapoteza majuma ambayo ugonjwa hauyapotezi. Swali la kumwuliza daktari wa saratani halipaswi kuwa kama mgonjwa anaweza kupata roboti, bali ni tiba gani inayotibu saratani hii katika hatua hii, na kwa nini hiyo na si nyingine.

Ikiwa roboti inafaa kwa uvimbe mdogo peke yake, basi tiba yake huanza kabla ya mgonjwa kufika Kahawa. Huanzia katika Kituo cha Afya cha Jericho, Dandora II, hospitali ya Kayole II au Mama Lucy Kibaki, siku mzee anapoeleza kwamba anaamka mara nne usiku kukojoa na mhudumu akaamua kumpima damu kiasi cha protini iitwayo PSA badala ya kumpa vidonge vya maambukizi kwa mara ya tatu, au siku kikohozi kisichokoma kinapopigiwa picha baada ya vipimo vya kifua kikuu kutoonyesha kitu. Kati ya siku hiyo na siku ya kulala chini ya roboti kuna biopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha uvimbe ili kichunguzwe kwa hadubini, kuna skani ya CT au MRI ya kuonyesha mipaka, wakati mwingine kuna skani ya PET inayoonyesha kama ugonjwa umesambaa, na kuna kikao cha wataalamu wa fani mbalimbali wanaopaswa kukubaliana. Kila hatua ina foleni yake na malipo yake, na uvimbe wa sentimita tatu ukisubiri miezi minane katika foleni hizo huenda usiwe tena wa sentimita tatu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha takribani watu 42,000 wanaopata saratani nchini Kenya kwa mwaka na takribani 27,000 wanaofariki kwayo, uwiano unaotokana kwa kiasi kikubwa na kuchelewa kugundua, nao hauwezi kubadilishwa na mtambo uliowekwa mwishoni mwa njia wakati mwanzo wa njia haujatengenezwa. Pesa zinazotengwa kwa maabara za patholojia na picha katika hospitali za mashariki ya jiji, kwa sababu hiyo, ni sehemu ya gharama ya roboti hata kama haziandikwi katika hesabu moja.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024 ilitenga kwa tiba ya saratani shilingi 400,000 kwa kila kaya kwa mwaka, na nyongeza ya shilingi 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu na mahututi pale kiasi cha kwanza kinapokwisha. Kiasi kinachotengwa ni cha kaya nzima, wala si cha tiba moja, nacho huliwa na skani, dawa na kulazwa kabla ya mionzi kufikiwa. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kuuliza mapema kiasi kilichobaki na kupata idhini ya vipindi vyote vilivyopangwa badala ya kuanza na kukwama katikati.

Ndani ya chumba cha tiba mgonjwa humwona fundi wa mionzi anayemlaza kitandani na roboti inayozunguka, lakini kazi kubwa imekwisha kufanywa na watu asiowaona. Daktari wa mionzi huchora katika kila ukurasa wa skani mpaka wa uvimbe na mpaka wa kila kiungo kinachopaswa kukwepwa, na mwanafizikia wa tiba hutumia kompyuta kuchagua, kati ya njia maelfu ambazo miale inaweza kupita, zile zinazojaza uvimbe na kuiacha nyama nzima. Kisha, kabla ya mgonjwa kuitwa, mpango hupigwa kwenye kipimio kisicho na uhai ili kuthibitisha kwamba mtambo unatoa kile kompyuta iliahidi. Kosa la milimita mbili katika tiba ya grei 2 kwa siku hugawanyika na kufifia katika siku nyingi. Kosa hilo hilo katika vipindi vitatu halina siku ya kulisahihisha. Wanafizikia wa tiba ni wachache katika eneo hili la Afrika kuliko mitambo inavyowahitaji, na nchi inayonunua roboti bila kuwasomesha, kuwaajiri na kuwashika watu hawa inakuwa imenunua chuma.

Mgonjwa hutoka chumbani akitembea, hana mionzi mwilini inayoweza kumdhuru mtoto atakayempakata, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile akiwa na uchovu wa kadiri. Madhara hutegemea mahali palipopigwa: tezi dume huleta mwasho na haraka ya mkojo kwa majuma kadhaa, pafu huweza kuvimba ndani na kuleta kikohozi baada ya miezi miwili au mitatu, na ubongo mara chache hupata jeraha la mionzi ambalo huhitaji dawa za kupunguza kuvimba. Wala uvimbe hautoweki siku ya tiba, kwa kuwa seli zilizokatwa DNA hufa zinapojaribu kugawanyika, jambo linaloweza kuchukua miezi, na uvimbe wa utando wa ubongo huhesabiwa kuwa umetibiwa vyema hata ukibaki na ukubwa ule ule miaka mingi mradi haukui. Picha ya kwanza baada ya tiba huweza hata kuonyesha uvimbe mkubwa kuliko wa awali, kwa sababu ya majimaji na kovu linalojengeka, na daktari asiyejua historia ya mgonjwa anaweza kuisoma kama saratani iliyorudi na kuanzisha tiba isiyohitajika. Kwa hiyo mgonjwa anayeendelea kuangaliwa Mama Lucy au katika zahanati ya karibu na nyumbani anapaswa kwenda na diski ya skani zake za zamani na muhtasari wa tiba unaotaja sehemu iliyopigwa, jumla ya grei na tarehe, na anayefuatiliwa kwa kipimo cha PSA anapaswa kukipima kila baada ya miezi michache katika maabara moja, akijua kwamba kiwango hicho hushuka polepole kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, na kwamba kupanda kidogo kisha kushuka tena katika kipindi hicho ni jambo linaloonekana kwa wanaume wengi waliopona.